"Serendipity" Si Bahati: Kwa Nini Tafsiri ya Neno Hili Ina Uzito Wodini

Katika lugha ya Kiingereza limo neno ambalo wanafunzi wa tiba hukutana nalo mapema, aghalabu katika mhadhara unaohusu historia ya viuavijasumu. Neno hilo ni "serendipity". Mhadhiri hulitaja anaposimulia jinsi penisilini ilivyogunduliwa, na mwanafunzi anayeuliza maana yake kwa Kiswahili hujibiwa kwa neno moja: bahati. Jibu hilo ni fupi na linaeleweka, lakini ni pungufu. Limechukua nusu ya maana na kuiacha nusu iliyo muhimu zaidi.

Upungufu huo si jambo la wanaisimu peke yao. Neno linapofasiriwa vibaya, mafunzo yaliyomo ndani yake hupotoka pia. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ugunduzi mkubwa wa tiba ulitokana na bahati huondoka darasani akiamini kwamba hakuna cha kujifunza hapo: bahati humwangukia aliyeandikiwa, na asiyeandikiwa asubiri. Muuguzi aliyeona jambo lisilo la kawaida kwa mgonjwa hulipuuza, kwa kuwa mambo makubwa hayamhusu. Daktari aliyeletewa taarifa ya ajabu huitupa, kwa kuwa haimo kitabuni. Hivyo tafsiri ya neno moja inaweza kuimarisha mazoea ya kutotazama. Ili kuonyesha ni kitu gani kimeachwa nje, inafaa neno lenyewe lifuatwe hadi lilikotoka.

Barua ya mwaka 1754

"Serendipity" ni miongoni mwa maneno machache ya Kiingereza ambayo siku ya kuzaliwa kwake inajulikana. Tarehe 28 Januari 1754, mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza mjini Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mke wa mtawala wa Toscana katika karne ya 16. Walpole alipokuwa akipekua kitabu cha kale cha nembo za koo za Venice, alikuta humo jambo kuhusu nembo ya ukoo wa Cappello ambalo hakuwa amelikusudia. Akamweleza rafiki yake kwamba ugunduzi wa namna hiyo ameubunia neno.

Neno hilo alilitoa katika hadithi aliyokuwa ameisoma zamani, ya wana watatu wa mfalme wa nchi iitwayo Serendip. Walpole alieleza kwamba wana hao, kila waliposafiri, waligundua kwa nasibu na kwa werevu mambo ambayo hawakuwa wakiyatafuta. Fasili hiyo ya kwanza, iliyotolewa na mbunaji mwenyewe, ina nguzo tatu. Ya kwanza ni nasibu: jambo lijitokeze bila kupangwa. Ya pili ni werevu: awepo mtu wa kulitambua. Ya tatu ni kwamba mtu huyo hakuwa akilitafuta jambo lile, bali alikuwa katika shughuli nyingine. Ukiondoa nguzo ya pili, kinachobaki ni bahati, na Walpole hakuwa na haja ya kubuni neno jipya kwa ajili ya bahati. Kiingereza kilikuwa nalo tayari.

Hadithi yenyewe ilichapishwa kwa Kiitaliano mjini Venice mwaka 1557, ikielezwa kuwa imetafsiriwa kutoka Kiajemi na mtu aliyeitwa Cristoforo Armeno. Mizizi yake inafika hadi kwa Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyetunga kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 14. Ndani yake wana wa mfalme wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamuuliza: ngamia wako si chongo? Hana pengo la jino? Hachechemei? Tena wanaongeza kwamba amebeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili, na kwamba amepandwa na mwanamke mja mzito. Mwenye ngamia anashawishika kwamba hao ndio wezi wake, nao wanakamatwa na kufikishwa mbele ya mfalme.

Wakitakiwa kujieleza, wanasema kwamba ngamia hawakumwona kamwe. Waliona majani yameliwa upande mmoja wa njia tu, na huo ndio upande uliokuwa na majani duni, wakajua kwamba jicho la upande wa pili halioni. Waliona vibonge vya majani yaliyotafunwa vimedondoka njiani, kila kimoja na ukubwa wa jino, wakajua kwamba kuna pengo. Waliona nyayo za miguu mitatu na mburuzo wa mguu wa nne. Waliona sisimizi wamejaa upande mmoja na nzi upande wa pili. Baadaye ngamia anapatikana, nao wanaachiwa huru. Walpole alipokuwa akiandika barua yake alimkumbuka ngamia huyo kama baghala, mnyama chotara wa punda na farasi, lakini jicho bovu na majani duni aliyakumbuka sawasawa.

Msomaji ataona kwamba katika kisa hiki nasibu ni ndogo mno. Wana wa mfalme walipita njia ambayo kila msafiri aliipita. Majani yaliyoliwa yalikuwa mbele ya macho ya wote, na sisimizi hawakujificha. Tofauti kati yao na wasafiri wengine ni kwamba wao walitazama, wakajiuliza kwa nini, kisha wakaunganisha alama moja na nyingine. Mafundisho ya uchunguzi wa mgonjwa katika vyuo vya tiba hayana tofauti kubwa na hayo.

Jina Serendip nalo si geni kama linavyosikika. Ni Sarandib, jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiitia kisiwa kinachojulikana leo kama Sri Lanka, nalo linatokana na jina la Kisanskriti lenye maana ya kisiwa cha Wasinhala. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanakumbuka kwamba Sindbad, katika safari yake ya sita, hufika Sarandib. Kwa hiyo neno ambalo leo huhesabiwa kuwa la Kiingereza halisi lina shina lililovuka Bahari ya Hindi muda mrefu kabla ya kufika London. Mswahili akilitafutia mahali katika lugha yake hatakuwa akikopa kutoka mbali sana.

Neno laingia maabara

Baada ya Walpole neno lilikaa kimya kwa miongo mingi. Barua zake kwa Mann zilichapishwa mwaka 1833, na mwaka 1875 Edward Solly, mkemia aliyependa vitabu vya kale, alilijadili katika jarida la Notes and Queries. Wanasayansi walilizoea zaidi katika karne ya 20. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilitengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu maisha ya mtafiti. Robert Merton na Elinor Barber waliandika kitabu kizima juu ya historia ya neno hili, wakakikamilisha mwaka 1958, ingawa kilichapishwa miongo minne baadaye, kwa Kiitaliano mwaka 2002 na kwa Kiingereza mwaka 2004.

Kadiri neno lilivyoenea, ndivyo nguzo ya werevu ilivyofifia. Kwa Waingereza wengi wa leo, kukutana na rafiki wa zamani kituo cha basi ni "serendipity", na duka la manukato linaweza kuitwa kwa jina hilo. Kiswahili, kikitafsiri neno kama "bahati", hakikosei matumizi ya mtaani ya Waingereza wenyewe. Kinakosea maana ambayo tiba inaihitaji.

Mfano wa penisilini ndio unaotajwa kila mara, na ndio unaosimuliwa vibaya kila mara. Septemba 1928 Alexander Fleming alirejea kutoka likizo katika maabara yake kwenye Hospitali ya St Mary's, London. Akakuta kisahani kimoja cha bakteria wa stafilokoki kimeingiwa na kuvu, na kuzunguka kuvu hiyo bakteria wametoweka. Msimulizi wa haraka huishia hapo na kusema: bahati iliyoje. Lakini bahati hiyo haikumjia Fleming peke yake. John Tyndall alikwisha kuona katika miaka ya 1870 kwamba kuvu na bakteria hushindana ndani ya mirija yake. Ernest Duchesne, mwanafunzi wa tiba mjini Lyon, alikwisha kuandika tasnifu kuhusu ushindani huo mwaka 1897. Na katika maabara nyingi za dunia, visahani vilivyoingiwa na kuvu vilioshwa kila siku kama uchafu, maana ndivyo vilivyokuwa: kazi iliyoharibika.

Fleming alikuwa na sababu ya kusita kabla ya kuosha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alishuhudia askari wakifa kwa majeraha yaliyooza, na mapema katika miaka ya 1920 alikuwa amegundua lisozaimu, kimeng'enya kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Kwa miaka mingi alikuwa akitafuta kitu cha kuua vijidudu bila kumdhuru mgonjwa. Alipokiona kisahani, jicho lake lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Hata hivyo, aliyoyaona hayakuwa dawa bado. Ilihitajika kazi ya Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao mjini Oxford, kuanzia mwaka 1939, ili penisilini isafishwe na ijaribiwe. Florey na Chain waligawana na Fleming Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945. Wahenga walikwisha kusema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Pembetatu ya manjano

Kisa kingine hakisimuliwi sana, ingawa matunda yake yanaonekana katika wodi za watoto wachanga kote duniani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, katika jimbo la Essex nchini Uingereza, muuguzi aliyejulikana kama Sister Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa nje watoto waliozaliwa kabla ya wakati ili wapate hewa na jua. Wenzake hawakuipenda sana desturi hiyo. Siku moja madaktari walipokuwa wakizungukia wodi, alimfunulia Dakta Richard Cremer na wenzake mtoto mmoja mwenye manjano. Ngozi yake yote ilikuwa imepauka, isipokuwa pembetatu moja ambayo bado ilikuwa ya manjano iliyokolea. Pembetatu hiyo ilikuwa imefunikwa na pembe ya shuka.

Baada ya majuma machache ikatokea nasibu ya pili: bomba la damu ya mtoto mwenye manjano liliachwa dirishani juani, na lilipopimwa kiwango chake cha bilirubini kilikuwa kimeshuka kuliko ilivyotarajiwa. Cremer na wenzake waliunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza taa, wakajaribu na kupima, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Huo ndio mwanzo wa tiba ya mwanga, ambayo leo huwaepusha watoto wengi na uharibifu wa ubongo na kubadilishiwa damu.

Katika kisa hiki ni nani mwenye werevu? Madaktari wanastahili sifa kwa kutolitupa neno la muuguzi na kwa kulipima. Lakini jicho la kwanza lilikuwa la yule aliyembadilishia mtoto shuka. Kama wodi ile ingekuwa na desturi ya muuguzi kunyamaza mbele ya daktari, pembetatu ingefifia baada ya siku chache na hakuna ambaye angejua.

Inapasa kuongeza neno kwa wazazi wanaosoma kisa hiki. Si ruhusa ya kumtibu mtoto mwenye manjano kwa kumwanika juani nyumbani. Jua halina kipimo, huweza kumuunguza mtoto au kumpoteza maji mwilini, na manjano ya mtoto mchanga yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa mzito. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali, akapimwe, na ikibidi awekwe chini ya taa iliyokusudiwa kazi hiyo.

Kutoka Mulago hadi ukungu wa London

Afrika Mashariki nayo ina sura yake katika historia hii. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pande zote nne za taya. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Baada ya muda mfupi, akiwa katika hospitali ya Jinja kwa shughuli nyingine, alitupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili ni swali. Burkitt alirudi kupekua kumbukumbu za wagonjwa, akatambua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa viungo vingine, uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika juu yake, na baadaye saratani hiyo ikaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo unaonekana. Waligundua kwamba unafuata joto na mvua, kama malaria inavyofuata. Burkitt alipoteza jicho moja akiwa mtoto. Lile lililobaki lilitosha.

Machi mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala, akavichunguza kwa zaidi ya miaka miwili bila kuona kirusi chochote. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Kwa kawaida maji yaliyochafuka ni dalili ya kuingiliwa na bakteria, na mahali pake ni jalalani. Epstein aliyaweka chini ya hadubini kwanza. Hakuona bakteria, bali seli hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Kutokana na seli hizo aliweza kuziotesha maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ukungu wa London ulikuwa nasibu, na safari ndefu ya ndege ilikuwa nasibu. Kutomwaga maji kabla ya kuyatazama hakukuwa nasibu.

Kinachoua ung'amuzi

Jicho zuri peke yake halitoshi iwapo mwenye jicho anachekwa. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa ikigombewa, naye akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipofika sekondari ya juu, na hapo swali lake likageuzwa mzaha wa darasa.

Hakuacha kuuliza. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule yao, Mpemba alimuuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka, aliahidi kujaribu. Jaribio lilifanyika, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu sababu za jambo hilo na kama hutokea kila mara. Hilo halipunguzi somo lake. Kati ya jokofu la shule na jarida la kimataifa palikuwa na watu wawili wenye elimu waliolifunga swali, na mmoja aliyelifungua.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu mmoja. Ukweli ni kwamba mazoea hayo yameenea, wodini hata kuliko darasani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesema kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne hafanani na maelezo ya kitabu huambiwa akasome zaidi. Mama anayesema kwamba mtoto wake hubadilika usiku tu huambiwa ana wasiwasi. Mara nyingi aliyejibu hivyo ana haki: mwanafunzi kweli hajasoma, na mama kweli ana wasiwasi. Lakini wodi inayojibu hivyo kila mara itakosa hata ile mara moja ambayo mama ndiye aliyeona.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba kulisifu neno hili ni kufungua mlango kwa uvivu. Kama ugunduzi huja bila kutafutwa, kwa nini serikali itenge fedha za utafiti, na kwa nini mtafiti aandike mpango? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama "serendipity" ingekuwa bahati. Fleming alikuwa maabara kwa kuwa maabara ilikuwepo. Burkitt aliweza kurudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa zimeandikwa na kutunzwa. Nasibu haina pa kutua mahali ambapo rejesta hazijazwi na hadubini imeharibika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wanaoona jambo moja na kutangaza dawa siku ya pili. Mgonjwa alikunywa majani fulani, homa ikashuka, basi majani yanatibu homa. Mtu wa namna hii naye anaweza kudai kwamba amegundua bila kutafuta. Hapa ndipo nguzo ya werevu inapopaswa kulindwa kwa wivu. Wana wa Serendip hawakutegemea alama moja. Walikusanya nyingi, na kila moja waliweza kuitolea sababu. Cremer hakutosheka na pembetatu. Alitengeneza taa na kupima damu. Werevu ni kuona, kisha kushuku kile ulichokiona, kisha kukijaribu mbele ya watu wanaoweza kukuambia umekosea. Homa nyingi hushuka zenyewe. Anayeruka kutoka kwenye tukio moja hadi kwenye tangazo ana nasibu bila werevu, na katika tiba hiyo ni hatari kuliko kutoona kabisa.

Kiswahili kiliite nini?

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya upande wa nasibu. "Bahati" ni jambo jema linalomwangukia mtu. "Nasibu" ni tukio lisilokusudiwa. "Sadfa" ni kukutana kwa mambo bila kupangwa. "Bahati nasibu" ingefaa kwa sauti, lakini imekwisha kuchukuliwa na tiketi na zawadi za fedha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalombebesha mtu kazi yoyote. Yote humweka mtu pembeni, akisubiri.

Upande wa werevu Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana: kung'amua. Aliyeng'amua jambo hakuliona tu. Ameuona undani wake ambao wengine hawakuutambua. Kutokana nacho hupatikana nomino "ung'amuzi". Kikiunganishwa na "sadfa" hupatikana "ung'amuzi wa sadfa", yaani kuutambua undani wa jambo lililojitokeza bila kutafutwa. Istilahi hii ina nguzo zote za Walpole, inaeleweka bila kamusi ya Kiingereza, na jina linaloongoza ni lile la kazi ya binadamu. Wanaopenda kubaki na neno la asili wanaweza kusema "serendipiti", mradi waeleze kwamba humo mna jicho pamoja na bahati. Isiyofaa ni "bahati" tupu.

Istilahi ikikubaliwa, itadai matendo. Mhadhiri anayesimulia penisilini atalazimika kueleza kwa nini Fleming hakuosha kisahani, si tu kwamba kuvu ilidondoka. Daktari kiongozi anaweza kuwauliza wauguzi na wanafunzi, wanapozungukia wodi, swali moja la nyongeza: ni jambo gani mmeliona leo ambalo hamkulitarajia? Rejesta ya wodi inaweza kutengewa mstari wa kuandika jambo hilo pamoja na tarehe na saa, ili likitokea la pili wiki ijayo kwa mtoto mwingine, mtu aweze kurudi nyuma na kulikuta. Mengi kati ya hayo hayatafika popote, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Gharama yake ni dakika chache na wino kidogo.

Mwenye macho haambiwi tazama, husema Waswahili. Katika hospitali methali hiyo inahitaji nyongeza: mwenye macho asiambiwe nyamaza. Muuguzi wa Rochford aliruhusiwa kuinua pembe ya shuka na kusema alichokiona mbele ya madaktari. Yumkini katika wodi nyingi za leo, mjini na wilayani, yupo muuguzi, mwanafunzi au mama mwenye pembetatu yake ya manjano. Hatasema akiwa amefundishwa kwamba ugunduzi ni bahati ya watu wengine.